Majibu ya vipokezi vya homoni huanzia kwenye kopo la fomalini

Mama wa Newala, Liwale au Kilwa, kusini mwa Tanzania, akiambiwa ana saratani ya titi, swali la kwanza la nyumbani huwa ni imefika hatua ya ngapi. Ni swali la haki. Lipo la pili lenye uzito uleule, na wengi hawajui kuliuliza: vipokezi vyake vimesomekaje? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mgonjwa atapata kidonge kimoja cha kila siku kwa miaka, au dawa za saratani za dripu peke yake, au dawa ya HER2 (protini nyingine ya seli) ambayo ni ghali mno. Na jibu hilo linaweza kuharibiwa na watu wema kabisa, saa chache baada ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachokatwa ili kipimwe, kutoka mwilini, kabla sampuli haijavuka hata mpaka wa wilaya. Hapo ndipo tutakaa zaidi leo.

Kwanza vipokezi vyenyewe. Kipokezi cha estrojeni ni protini inayokaa ndani ya kiini cha seli. Estrojeni, ambayo hutengenezwa zaidi na ovari kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, hupenya seli na kushikamana nacho. Vipokezi viwili vilivyoshika homoni huungana, hujishikiza kwenye DNA na kuamsha jeni ambazo, pamoja na kazi nyingine, huamuru seli igawanyike. Katika titi lisilo na ugonjwa, ni seli chache tu zenye kipokezi hiki. Katika saratani za matiti duniani, karibu saba kati ya kumi zina vipokezi vya kutosha kufanya estrojeni iwe chakula cha uvimbe. Daktari George Beatson wa Glasgow aliondoa ovari za mgonjwa na kuripoti mwaka 1896 kwamba uvimbe wa titi ulisinyaa, miaka zaidi ya 60 kabla Elwood Jensen wa Chicago hajaonyesha kwamba kipokezi chenyewe kipo.

Vipokezi vya estrojeni viko vya aina mbili. Alfa hutokana na jeni iitwayo ESR1 iliyo kwenye kromosomu ya 6. Beta ilitambuliwa mwaka 1996 na watafiti wa Sweden, nayo hutokana na ESR2 kwenye kromosomu ya 14. Zinafanana sana mahali zinaposhikia DNA, lakini tabia zao ni tofauti. Alfa ndiyo inayosukuma seli za titi zikue. Beta, katika tafiti nyingi za maabara, huonekana kupunguza msukumo huo, ila matokeo kwa wagonjwa hayajakubaliana, na kingamwili nyingi zilizotumika kuipima (protini za maabara zinazokishika kipokezi ili kionekane) zilikuja kuonekana haziaminiki. Kwa hiyo majibu yanapoandika ER, maana yake ni alfa. Ukiambiwa ulipie kipimo cha beta ili ujue utumie dawa gani, hifadhi pesa yako. Hakuna tiba inayopangwa kwa kipimo hicho kwa sasa.

Kipokezi cha projesteroni nacho kina sura mbili, A na B, zote kutoka jeni moja. B ni ndefu; A imekosa asidi amino 164 za mwanzo. Majibu ya kawaida huandika PR tu bila kuzitenganisha. Sababu kubwa ya kupima PR ni kwamba jeni yake huamshwa na kipokezi cha estrojeni chenyewe. PR ikiwepo kwa wingi, ni ushahidi kwamba ER haipo tu bali inafanya kazi. ER ikiwepo na PR ikawa sifuri, dawa za homoni bado hutolewa, ila uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida huwa mkaidi zaidi. ER hasi na PR chanya ni nadra sana. Ukikutana nayo, dai kipimo cha ER kirudiwe kabla ya kuiamini.

Pamoja na hizo hupimwa HER2, ambayo haimo kwenye kiini bali kwenye utando wa nje wa seli, na mara nyingi Ki-67 inayoonyesha ni seli ngapi ziko kwenye mzunguko wa kugawanyika. Kwa kuzichanganya, uvimbe huwekwa kwenye makundi: wenye ER nyingi na kasi ndogo, wenye ER na kasi kubwa, wenye HER2, na ule usio na chochote kati ya ER, PR na HER2, unaoitwa hasi tatu.

Tuchukue mfano wa majibu. Karatasi imeandikwa: ER 90%, nguvu 3, PR 40%, nguvu 2, HER2 1+, Ki-67 12%. Asilimia 90 maana yake katika kila seli 100 za saratani zilizohesabiwa, 90 viini vyake vimegeuka kahawia, rangi inayoonyesha kipokezi kimo; visivyo nacho hubaki buluu. Nguvu 3 ni kahawia iliyokolea. Maabara nyingine hujumlisha kwa mtindo wa Allred wenye alama kuanzia 0 hadi 8: zaidi ya theluthi mbili ya seli hupewa 5, jumlisha nguvu 3, unapata 8. PR ya asilimia 40 iko kati ya theluthi moja na mbili, hivyo 4, jumlisha 2, ni 6. HER2 ya 0 au 1+ huhesabiwa hasi kwa trastuzumabu, dawa ya HER2, 3+ ni chanya, na 2+ haijaamua kitu: lazima kifuate kipimo cha kuhesabu nakala za jeni ya HER2. Mama huyu ana uvimbe unaolishwa na homoni na unaokwenda taratibu. Ndiyo habari njema zaidi ambayo karatasi hii inaweza kutoa.

Mpaka wa ER ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Asilimia 1 tu ya seli ikigeuka, majibu ni chanya. Kati ya 1 na 10 huandikwa chanya ya chini, na hapo daktari na mgonjwa huzungumza, kwa sababu baadhi ya uvimbe huo huenenda kama hasi. Kwenye mtindo wa Allred, alama 3 na kuendelea ni chanya. Ukiona karatasi imeandikwa “hasi” bila asilimia yoyote, rudisha swali maabara.

Sasa tufike kwenye kopo.

Kinyama kikitoka mwilini, damu imekatika lakini vimeng'enya vya seli bado viko hai na vinaanza kuzila protini za seli hizohizo. Vipokezi ni protini. Joto la Mtwara au Lindi huharakisha kazi hiyo. Fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhi nyama, ndiyo inayoisimamisha, kwa kuzifunga protini pale zilipo. Kanuni ni kwamba kisipite zaidi ya saa moja tangu kinyama kimekatwa hadi kimeingia kwenye fomalini, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Saa ya kukata na saa ya kutumbukiza ziandikwe zote mbili kwenye karatasi ya kuombea kipimo. Karatasi nyingi hazina nafasi ya kuandika saa hizo. Andika pembeni kwa kalamu.

Fomalini inayotakiwa ni ya asilimia 10 iliyotulizwa asidi. Kwa lita moja: fomalini kali ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40, mililita 100, maji safi ya maabara mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 4, disodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. Kiwango chake cha asidi (pH) kipimwe, kiwe karibu na 7. Mahali pengi hizo chumvi mbili huachwa kwa kuwa fomalini na maji pekee “inafanya kazi”. Inafanya kwa siku chache. Baadaye, hasa ikikaa kwenye dumu nusu tupu ndani ya stoo yenye joto, hugeuka taratibu kuwa na asidi ya fomiki, na asidi ni adui wa kipimo cha vipokezi. Dumu liandikwe tarehe ya kuchanganywa. Anayechanganya avae glavu na afungue madirisha, maana mvuke wake huumiza macho na mapafu, nao wenyewe umo kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Kiasi: fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Kwa vipande vya sindano nene hilo si tatizo. Kikopo cha mililita 20 hadi 30 kinatosha. Tatizo ni titi zima lililotolewa. Linasukumwa kwenye ndoo ndogo, linamiminiwa fomalini ya kufunika nusu, kifuniko kinabanwa, linangoja safari. Fomalini hupenya kiasi cha milimita moja kwa saa, na mafuta ya titi huipunguza kasi zaidi. Uvimbe wa sentimita 5 ulio katikati utakaa siku nzima bila kuonja fomalini huku nje ukionekana umekakamaa vizuri. Dawa yake ni kisu. Ukishaweka alama za kingo kwa uzi, mfupi juu, mrefu upande wa kwapa, geuza titi, likate kwa nyuma kama mkate wa slesi, kila kipande milimita 5 hadi 10, bila kukatisha ngozi ya mbele ili lisisambaratike. Weka gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, kati ya slesi ili fomalini ipite. Ikiwa daktari wa patholojia atalichunguza mwenyewe ndani ya siku hiyohiyo, mwachie yeye akate. Likisafiri, likatwe kabla.

Makosa haya yanaonekana wazi chini ya hadubini. Kipande ambacho hakikuiva kwenye fomalini huonyesha pete: seli za pembeni zimegeuka kahawia nzuri, na kadiri unavyoingia ndani rangi inafifia mpaka katikati pamebaki buluu tupu. Saratani ni ileile, mgonjwa ni yuleyule. Msomaji mwenye haraka akihesabu katikati, ataandika ER hasi, na mama atanyimwa dawa ambayo ingemsaidia kwa miaka. Hili linaniuma kuliko kosa lolote lingine katika safari ya mgonjwa, kwa sababu kuliepuka hakuhitaji mashine. Kunahitaji kisu, saa ya ukutani na lita chache za maji yaliyochanganywa sawasawa.

Mambo mengine ambayo bado yanafanyika na yaachwe: kuweka kinyama kwenye gozi kavu, kukiloweka kwenye maji ya chumvi “mpaka fomalini ipatikane”, kukigandisha kwenye friji, kukitia kwenye spiriti. Fomalini iwe imeshamiminwa kwenye kopo, na kopo limeandikwa, kabla sindano haijagusa titi. Jina liandikwe kwenye mwili wa kopo, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Andika titi la kushoto au kulia, umri, kama bado anapata hedhi, na kama ameshaanza dawa yoyote ya saratani.

Kwa uchunguzi wa kwanza, sindano nene ya namba 14, vipande vinne hadi sita, kwa ganzi ya kawaida, ni bora kuliko kumkata uvimbe mzima. Vipande vyembamba huiva haraka na sawasawa, kwa hiyo majibu ya vipokezi huaminika zaidi, na daktari anabaki na nafasi ya kupanga matibabu kabla ya upasuaji. Lakini hata vyembamba hivyo vikae saa 6. Sindano nyembamba ya kufyonza seli huweza kusema kuna saratani, ila kwa vipokezi haitoshi vizuri.

Halafu safari. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita karibu 560, na sampuli ikilazimika kwenda huko husafiri kwa basi kama kifurushi. Basi likiondoka alfajiri, sampuli ya jana mchana itafika ikiwa na saa 30 hivi kwenye fomalini, na hiyo ni sawa kabisa. Hesabu huharibika kinyama kikichukuliwa Ijumaa, kikakaa mpaka Jumatatu kungoja mtu wa kukipeleka stendi, kisha kikakaa tena mezani. Panga kuchukua vinyama Jumatatu hadi Jumatano. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Lindi pale Somanga, kila kilichotegemea basi kilikwama. Kwa nyakati kama hizo ni vizuri kukubaliana mapema na maabara: sampuli iliyoiva saa 24 hadi 48 ihamishiwe kwenye spiriti ya asilimia 70 ingoje humo. Hapo spiriti haina ubaya, kwa kuwa fomalini imeshafanya kazi yake. Kukaa kupita saa 72 hakudhuru ER kama kukaa muda mfupi mno kunavyodhuru, lakini majibu hasi ya sampuli kama hiyo yaandikiwe tahadhari.

Njia bora kuliko zote ni kusafirisha bloku. Kama hospitali ya karibu ina mashine ya kuandaa nyama na kuizamisha kwenye nta, hata kama haina kingamwili za ER, ifanye hatua hiyo. Bloku ya nta hudumu miaka, haimwagiki, na bahasha inatosha. Iepushwe na jua la dashibodi tu, maana nta hulainika. Vipande vilivyokwisha kukatwa na kuwekwa kwenye vioo, vile vya unene wa mikroni 3 hadi 5, visikae zaidi ya wiki sita kabla ya kupakwa rangi. Bloku ndiyo itunzwe.

Lini utilie shaka jibu hasi? Tazama seli za kawaida za titi zilizobaki pembeni ya saratani. Baadhi yake lazima zigeuke kahawia. Nazo zikiwa buluu tupu, tatizo ni kipimo: fomalini, au hatua ya kuchemsha vipande kwenye bafa (maji yenye kiwango cha asidi kilichodhibitiwa) ili kufungua protini, au kingamwili iliyokaa nje ya ubaridi. Jibu hilo si hasi, ni “haikusomeka”, na liandikwe hivyo. Shaka nyingine: saratani ya daraja la 1 (ambayo seli zake bado zinafanana sana na za kawaida), au ya aina ya tubula au ya ute, ikija hasi. Aina hizo karibu zote ni chanya. Rudia kwa bloku nyingine au kwa kipande cha upasuaji. Na kinyama cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi kali kikija hasi, usikiamini.

Ni kweli pia kwamba wanawake wa Afrika wana saratani za hasi tatu kwa kiwango kikubwa kuliko wa Ulaya, na sehemu ya tofauti hiyo ni ya kibaiolojia. Lakini sehemu nyingine ni makopo. Hatuwezi kuwaambia wagonjwa wetu kwamba damu yao ndiyo sababu wakati fomalini yetu haina tarehe.

ER ikiwa chanya, dawa kongwe ni tamoksifeni, miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa miaka 5, na kwa wengine 10. Hukaa mahali pa estrojeni kwenye kipokezi na kukizuia kuamsha jeni. Ikitumiwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa ER hasi haisaidii kitu. Kwenye kizazi, kipokezi kilekile hushirikiana na protini nyingine, na tamoksifeni huko huchochea badala ya kuzuia. Kwa hiyo aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, aende hospitali wiki hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, aende siku hiyohiyo, maana dawa hii huongeza hatari ya damu kuganda. Joto la kupanda mwilini ni la kawaida na si sababu ya kuacha.

Letrozoli ya miligramu 2.5 na anastrozoli ya miligramu 1 huzuia mwili kutengeneza estrojeni nje ya ovari. Zinamfaa aliyekoma hedhi. Mama wa miaka 42 ambaye hedhi ilikatika kwa sababu ya dripu hahesabiwi kuwa amekoma. Akipewa letrozoli peke yake ovari zinaweza kuamka zikafanya kazi zaidi, na mimba ikawezekana. Huyu apewe tamoksifeni, au ovari zizimwe kwanza, kwa sindano ya goserelini kila baada ya siku 28 au kwa kuziondoa. Kwa anayetoka Nanyumbu na nauli ni ya kukopa, operesheni moja mara nyingi ina unafuu kuliko sindano ya kila mwezi, ila haina kurudi nyuma, na uamuzi ni wake mwenyewe.

Dawa za kifua kikuu ziulizwe kila mara. Rifampisini hushusha kiasi cha tamoksifeni kwenye damu mpaka kubaki kidogo sana, na mgonjwa ataendelea kumeza kidonge kisichofika. Madaktari wa kliniki mbili wapigiane simu. Fluoksetini na paroksetini, zinazotolewa kwa sonona, nazo huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu yake. Zipo dawa mbadala. Uzazi wa mpango usiwe wa sindano, kipandikizi wala vidonge vyenye homoni. Kitanzi cha shaba au kondomu ndivyo vinavyofaa, na vinahitajika, kwa kuwa tamoksifeni hudhuru mimba.

Saratani ikirudi miaka baadaye kwenye ini au mfupa, vipokezi huweza kuwa vimebadilika. Chanya huweza kuwa hasi. Na kwa waliotumia letrozoli muda mrefu, jeni ya ESR1 huweza kupata mabadiliko yanayofanya kipokezi kijiwashe bila estrojeni. Inapowezekana kinyama kipya kichukuliwe. Kwa sababu hiyo, familia ihifadhi nakala ya karatasi ya majibu ya kwanza yenye namba ya bloku na jina la maabara, na isiishie kwenye faili la hospitali peke yake. Akiuliza daktari mpya, namba hiyo ndiyo itakayoifukua bloku rafuni ilinganishwe na ya sasa.